Kabla ya kulaumu kontrola

Wiki iliyopita kijana tunayefanya naye kazi aliniletea mkononi kontrola ya kiti cha magurudumu cha umeme, yaani kile kisanduku kinachopokea amri na kugawa umeme kwa mota. Alikuwa ameshaifungua kutoka kwenye kiti, skrubu zake ameziweka kwenye kifuniko cha chupa, na hukumu ameshaitoa: imeungua. Nikamuuliza betri zilisoma volti ngapi kiti kikiwa kinavuta. Hakuwa amepima. Naandika haya kwa ajili yake, na kwa yeyote anayeingia kwenye kazi ya kutengeneza viti vya magurudumu vya umeme hapa Nairobi, kwa sababu nami nilianza hivyo hivyo, na hasara ya kosa langu aliibeba mtu mwingine.

Kiti chenyewe hakina mambo mengi. Kuna betri mbili za volti 12 zilizofuatana, chanya ya moja ikiingia hasi ya nyingine, ili zitoe volti 24. Kuna kontrola, joistiki (kijiti cha kuongozea), na mota mbili, kila moja na breki yake ya sumaku. Breki hiyo hufunga umeme ukikatika na hufunguka umeme ukiingia. Vingine vyote ni waya na maungio, na humo ndimo ugonjwa hupenda kujificha.

Anza na mwenye kiti, si na bisibisi. Yeye hukaa humo kuanzia asubuhi hadi usiku na anajua kila sauti yake. Muulize: kilizima mlimani au kwenye tambarare? Kilinyeshewa? Kilibebwa kwa matatu au pikapu, na walioinua walishika wapi? Waya nyingi za mota nilizokuta zimenyofoka zilitokana na watu wenye nia njema kukamata walichofikia kwanza.

Sasa nieleze kosa langu. Mama mmoja alikuwa akivuka Thika Road kila siku kwa daraja la miguu karibu na Roysambu. Kiti chake kilikuwa kikipanda ile njia ya mteremko hadi katikati, kisha kinazima. Akingoja kidogo na kukiwasha, kinakwenda hatua chache kinazima tena, huku watu wakimpita pande zote mbili. Alipokileta nilikiinua juu ya matofali, nikasukuma joistiki, magurudumu yakazunguka vizuri kabisa. Nilipima betri zikiwa zimetulia, namba ikawa nzuri. Basi nikasema ni kontrola. Akaanza kuchangisha kwa jamaa na kanisani. Kabla hajanunua, tulipata kontrola ya kuazima inayolingana na yake, tukaifunga. Alirudi darajani, kikazima palepale.

Nilichokuwa sijaelewa ni hiki: magurudumu yakiwa hewani, mota hazivuti karibu chochote. Ungio bovu linaweza kupitisha ampea mbili tatu bila shida, kisha likashindwa kabisa pale mtu mzima anapopandishwa mlima. Siku hizi magurudumu hukaa chini. Mtu anaketi kitini, ninaegemeza kiti ukutani, mwenzangu anasukuma joistiki mbele sekunde mbili au tatu tu, nami nasoma mita. Betri nzima zilizojaa husoma volti 25.4 au zaidi zikiwa zimepumzika saa kadhaa baada ya chaja kutolewa. Ukipima pale pale baada ya kuchomoa chaja namba hudanganya, huwa juu kuliko hali halisi. Zikisoma 24.0 zikiwa zimetulia, zimekaribia kwisha. Kiti kikivuta zitashuka kidogo, hilo ni la kawaida. Zikiporomoka volti tatu nne, pima kila betri peke yake. Aghalabu utakuta moja imeanguka na nyingine imesimama.

Kwa yule mama betri zote mbili zilisimama. Ndipo nikaweka ncha moja ya mita kwenye nguzo ya betri na nyingine upande wa pili wa konekta, ile plagi inayounganisha waya wa betri, kiti kikiwa kinavuta. Ungio zuri hapo husoma sehemu ndogo sana ya volti. Mita ilionyesha zaidi ya tatu. Konekta kwa nje ilikuwa haina kosa, ila plastiki yake ilikuwa imegeuka rangi kidogo, kama karatasi iliyokaa karibu na jiko. Nilikata ganda la waya sentimita chache nyuma yake. Nyuzi za shaba zilikuwa za kijani, na nilipozigusa kwa kucha zilikatika kama majani makavu. Zilizobaki nzima hazikuzidi robo. Kipande kipya cha waya nene na konekta mpya vilimaliza kazi. Michango ya watu ilirudishwa, lakini wiki tatu za kukaa ndani hakuna aliyeweza kumrudishia.

Taa za joistiki zinasema, ila ujue lugha yake. Kontrola ya VR2, ambayo utaikuta mara nyingi, huhesabu kwa mistari ya kipimo cha betri inayowaka na kuzima. Mmoja ni betri dhaifu au muungano wake. Miwili ni muungano mbaya wa mota ya kushoto, minne ni wa mota ya kulia. Sita ni kwamba kiti kimezuiwa na chaja, kwa hiyo angalia kama plagi bado imo au pini imepinda ndani ya soketi. Saba ni joistiki: mara nyingine ni blanketi au mkono uliokuwa umeilalia wakati wa kuwasha, basi zima, iachie, washa upya. Tisa ni breki, na hapo kitu cha kwanza kutazama ni zile nyenzo, mikono midogo ya kuachia magurudumu, maana aliyekisukuma kwa mkono pengine alisahau kuzirudisha. Kontrola za aina nyingine zina hesabu zao, usizisome kwa jedwali hili.

Ona kwamba namba mbili haisemi mota imekufa. Zima kiti, inua magurudumu, badilishana plagi za mota, ya kushoto kulia na ya kulia kushoto, kisha washa. Ikigeuka kuwa nne, ugonjwa umehama na mota au waya wake. Ikibaki mbili, sasa ndipo una haki ya kuishuku kontrola. Ikiwa ni mota, ichomoe, achia breki, zungusha gurudumu polepole huku mita ikiwa kwenye omu, kipimo cha ukinzani. Namba ikirukaruka au kupotea kabisa mahali fulani, fungua utazame kaboni, vile vipande vinavyopitisha umeme kwenye sehemu ya mota inayozunguka. Zikiwa zimelika, badilisha zote, na upulize vumbi lake jeusi litoke.

Kuhusu usalama sina utani. Vua pete na saa. Tenganisha betri kabla ya kugusa waya nene. Spana ikilala juu ya nguzo mbili za betri hutoa moto wa kuyeyusha chuma, hata kama volti ni 24 tu. Fyuzi ikikatika usiifunge kwa uzi wa waya, tafuta kilichoikata.

Viti vingi huja kama msaada kutoka Marekani na chaja zake za volti 115. Stima yetu ni 240. Soma kibandiko kabla ya kuchomeka: ikiandikwa 100–240, endelea, kama ina swichi ya kuchagua volti, igeuze kwanza, kama haina lolote, inahitaji transfoma au chaja nyingine. Wala usikubali betri ya gari eti ni nafuu. Hiyo imeundwa kuwasha injini kwa nguvu nyingi za muda mfupi, na kumalizwa kila siku huiua upesi.

Machi hadi Mei, na tena Oktoba hadi Disemba, utapokea joistiki zenye maji. Zikaushe taratibu zikiwa zimetengwa na betri, usiziwashe kujaribu. Sisi humshonea kila mteja kifuniko cha kitambaa cha koti la mvua, na naona kazi za joistiki zimepungua.

Kiti kikipona, usikikabidhi kutoka juu ya matofali. Mwenyewe akalie, mtafute mlima, upande naye hadi juu. Kisha andika kwenye kipande cha tepu chini ya kiti tarehe, volti zikiwa zimetulia, na volti kikiwa kinavuta, ili fundi atakayekifungua mwaka kesho ajue pa kuanzia.