Msitu wa Duru-Haitemba ni wa vijiji, si wa serikali

Ndugu, umeuliza kama msitu wa Duru-Haitemba kule Babati, Tanzania, ni hifadhi ya serikali, na kama mgeni anaweza kuingia tu. Hapana kwa yote mawili, na historia yake inastahili kusimuliwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilitaka kuutangaza msitu huu wa miombo (miti ya maeneo yenye kiangazi kirefu) kuwa hifadhi yake. Mipaka ilipoanza kupimwa, baadhi ya wananchi waliharakisha kukata miti. Siwalaumu: nani atunze kitu anachojua kesho kitachukuliwa? Kuanzia 1994 mpango ukageuzwa. Vijiji vinane vikachukua usimamizi wenyewe, kila kimoja na eneo lake, sheria ndogo zake na walinzi wake waliotoka hapohapo kijijini. Ukataji holela ukapungua. Wazee waliokuwa wakitambikia humo na akina mama wanaookota kuni kavu hawakufukuzwa, na hilo kwangu ndilo kubwa zaidi.

Baadaye Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Sheria ya Misitu ya 2002 zikaipa njia hii nguvu nchi nzima.

Kwa hiyo ukifika, anzia ofisi ya serikali ya kijiji husika, si kwenye njia ya msituni. Mtendaji wa kijiji atakukutanisha na kamati ya misitu. Eleza unataka nini: kutembea, utafiti, au mazao ya msitu. Masharti hutofautiana kati ya kijiji na kijiji, basi ukivuka mpaka uulize tena.