Ugenini Huulizwi, Unafunguliwa

Mhariri, swali lenu la wiki hii, "Je, unaweza kuacha soda kwa ajili ya afya yako?", limenigusa pabaya. Nyumbani kwangu soda nimeshaiacha, wala sikupata tabu. Tabu iko ugenini, na hilo hamkuliuliza.

Tulipeleka barua ya posa Korogwe. Mshenga wetu alikuwa mjomba, mwenye sukari ya miaka mingi, anayejipima kila asubuhi kabla ya chai. Salamu zikaisha, binti akaingia na sinia: soda za chupa, baridi, kifungulio kimelala pembeni. Hakuuliza kama tunakunywa. Aliuliza, "Baba, nikufungulie ipi?" Mjomba akamjibu kwa upole, "Mwanangu, mimi nipatie maji tu."

Bibi wa nyumba akageuka. "Maji? Umekuja kutuomba mtoto, unywe maji kama mpita njia?"

Baraza zima kimya. Mjomba akatutazama, akaitazama bahasha mapajani, akasema, "Basi, ya chungwa." Akainywa yote, maana hata kuibakiza kungekuwa na maneno yake. Usiku ule ulikuwa wa kwenda msalani na kurudi, na kiu haikumwisha hadi alfajiri. Posa ilikubaliwa.

Soda nyingi za mililita 350 zina sukari ya gramu 35 na zaidi, karibu vijiko tisa vya chai. Shirika la Afya Duniani tangu 2015 linashauri mtu mzima asivuke gramu 50 hivi kwa siku, na ikiwezekana aishie 25. Hapo chai za asubuhi hazijahesabiwa.

Nilipoanza kuandika nilitaka kusema soda ifutwe kabisa kwenye ukarimu wetu, yaje maji ya ukwaju na ubuyu. Lakini ukwaju wa shughuli zetu naujua: ndoo nzima, sukari inamiminwa kwa bakuli, na anayekoroga anaambiwa bado haijakolea. Juisi ya miwa nayo ni sukari yenyewe, hata ikikamuliwa na ndimu na tangawizi.

Na yule bibi simlaumu tena kama siku ile. Nilimwona mtoto akitumwa dukani na chupa tupu, na soda zilichukuliwa kwa mkopo. Alitupa kikubwa alichokuwa nacho.

Kwa hiyo soda ibaki, na mimi kwenye posa na harusi nitaipokea mara mojamoja. Ila maji yakae kwenye sinia ileile, yenye baridi ileile, tangu mwanzo, ili asiyetaka soda anyooshe mkono bila kujieleza mbele ya wakwe. Chai ya mchaichai pia inafaa, sukari ikiwekwa pembeni kila mtu ajitilie. Mwenye kisukari asilazimishwe soda hata na mama mkwe, isipokuwa sukari yake imeshuka na ameanza kutetemeka: huyo mfungulieni upesi, tena ile yenye sukari hasa.