Uliza Ujibiwe: Nimepasua jiwe nikakuta "nyoka" ndani, niuze?

SWALI: Habari za kazi wahariri. Mi niko Kiomoni huku Tanga, mjomba wangu anachoma chokaa na mi namsaidia kuvunja mawe. Juzi nimelipiga jiwe nyundo likapasuka katikati, ndani nikakuta kitu kimejikunja kama pembe ya kondoo dume, ukubwa wa kisahani cha chai, kina mistari kama mbavu. Bibi kasema huyo ni nyoka kageuka jiwe, nikamrudishe nilipomtoa kabla hajatuletea balaa. Mjomba anasema konokono tu huyo, tia tanuruni kazi iendelee. Afu kaja dalali, kasema ni kimondo, ananipa laki mbili. Nimsikilize nani? Na nikilisafisha na maji ya betri litang'aa? Picha nimewatumia.

JIBU: Mdogo wangu, maji ya betri weka mbali kabisa, hilo tulimalize kwanza. Jiwe lenu ni la chokaa na asidi inakula chokaa, ukilimwagia leo kesho unabaki na kibonge hakina mbavu wala nini, na juu ya hapo vidole vyako vimeungua. Brashi ya meno kuukuu na maji ya kawaida yanatosha, na ukiona udongo umegoma uache hapo hapo, usichokonoe na msumari.

Sasa tuje kwa dalali. Kimondo cha chuma kinanasa sumaku na ni kizito kupita umbo lake, kile cha Mbozi kina tani kama 16 na ni chuma. Chukua sumaku ya spika mbovu iguse kwenye hilo jiwe, naona kabisa itadondoka. Afu chukua kipande kingine cha mwamba huo huo, sio chenye umbo, kikwaruze upate unga, kamulia ndimu, ukiona povu dogo dogo ujue ni chokaa. Kimondo gani kinatoa povu kwa ndimu? Yani huyo bwana ama hajui kitu, ama anajua vizuri sana na anaomba Mungu wewe usijue.

Mjomba yeye kakaribia ila hajafika. Konokono wengi wanajizungusha huku wanapanda upande mmoja kama msonge, na ndani nyumba yake ni tundu moja tu toka mlangoni mpaka mwisho. Chako kwenye picha kimelala bapa kama ukili uliozungushwa ukawekwa chini, na pale kilipovunjika pembeni naona kuta za vyumba vyumba. Vuta picha uangalie, kuta zinapokutana na ganda kuna mstari umepinda pinda kama lesi ya gauni la harusi. Hiyo ndo alama yake. Ni amonaiti, mnyama wa baharini, ndugu wa karibu wa pweza na ngisi kuliko konokono, kwa hiyo mjomba akija kula pweza wa jioni mwambie anakula ukoo. Alikuwa anakaa chumba cha mwisho kabisa, vile vya nyuma vina hewa na maji vya kumsaidia kuelea.

Kafikaje Kiomoni kwenye nchi kavu? Mwamba huo wa chokaa, ndo huo huo wenye mapango ya Amboni, ni matope ya bahari ya enzi ya Jurasiki, zaidi ya miaka milioni 145 iliyopita. Akifa anazama, matope yanamfunika, ganda taratibu linageuka jiwe. Ukoo wao wote ulikwisha kama miaka milioni 66 iliyopita, wakati ule ule dinosaria walipokwisha.

Bibi msimcheke bana. Huko Whitby, Uingereza, watu waliamini hivo hivo kwamba ni nyoka waliogeuzwa mawe, mpaka wauzaji wakawa wanazichonga vichwa vya nyoka wapate wateja. Bibi angalau hakuuzii.

Na Tanga kwa mambo haya sio ya mchezo. Karibu na mji, pale Mizimbini, kilipatikana kisukuku, yani mabaki ya kiumbe yaliyogeuka jiwe, cha mtambaazi mdogo mwenye mkia bapa, mwaka 1924 akapewa jina la Tangasaurus, yani mji wenu umo kwenye jina, na huyo ni mkongwe hata kuliko amonaiti wako, zaidi ya miaka milioni 250.

Kuuza mi sikushauri. Amonaiti wako wengi duniani, chako hakitakujengea nyumba. Kinachotafutwa na wataalamu ni kujua pale kilipotoka, na dalali akishaondoka na jiwe habari hiyo imepotea. Kwa hiyo rudi machimboni leo kabla mjomba hajavunja upande wa pili, piga picha ukuta wa mwamba ukiwa na kitu cha kipimo, hata shilingi mia, andika kina toka juu na tabaka lenyewe rangi gani. Vile vipande viwili vyote vifunge kwenye gazeti, ule upande wenye alama tupu nao usitupe. Afu wapelekee picha idara ya jiolojia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au Makumbusho ya Taifa. Idara ya Mambo ya Kale nao waulize kabla hujapokea hela ya mtu, maana sheria yao ipo toka 1964 na kuna visukuku inavigusa.

SWALI: Ukuta wa nyumba ya babu, Bagamoyo, plasta imebanduka, mawe yana maua maua kama nyota. Kuna mtu alichonga?

JIBU: Hapana, hayo ni matumbawe. Kila "ua" ni kikombe alichokaa mnyama mmoja mdogo. Wazee walijengea mawe hayo na chokaa pwani nzima, nenda kwenye magofu ya Kaole hapo jirani uone. Ukipiga plasta tena tumia chokaa, saruji inafungia unyevu ndani na ukuta utabanduka tena.