Maswali ya Wasomaji: Krimu mbili za kukinga jua, uso mmoja wenye ngozi nyeti

SWALI: Mhariri wa ukurasa wa ngozi, pokea salamu kutoka Tanga. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na kila asubuhi husimamia mstari wa wanafunzi juani kabla ya vipindi kuanza. Uso wangu ni mwepesi kudhurika. Krimu ya kukinga jua niliyonunua mwanzo ilinichoma macho kila nilipotoka jasho, na siku ya tatu mashavu yakajaa vipele vya kuwasha, nikaiacha. Sasa duka la dawa limenionyesha mbili. Moja imetoka Marekani. Nyuma imeandikwa Zinc Oxide 20%, kisha orodha ya pili ina Butyloctyl Salicylate, Glycerin, Niacinamide na Phenoxyethanol. Nyingine imetoka Ufaransa na haina asilimia yoyote: inaanza na Aqua, Alcohol Denat., Octocrylene na Butyl Methoxydibenzoylmethane, na mwishoni kuna Parfum na Linalool. Zote mbili zimeandikwa mbele kuwa zinafaa ngozi nyeti, na ya Ufaransa bei yake inakaribia kuwa mara mbili ya mwenzake. Nichukue ipi?
Mwalimu, Tanga

JIBU: Mwalimu, umefanya jambo ambalo wanunuzi wengi hawalifanyi, nalo ni kugeuza boksi na kunakili yaliyoandikwa nyuma. Maneno ya mbele, kama vile “kwa ngozi nyeti” au “haileti mzio”, hayatakusaidia kuchagua. Hata Marekani, ambako mamlaka ya chakula na dawa, FDA, ina masharti mengi, hakuna kiwango cha kisheria ambacho bidhaa ni lazima ikifikie kabla ya kujiita isiyoleta mzio.

Hizo asilimia zina sababu. Marekani huihesabu krimu ya kukinga jua kuwa ni dawa, hivyo mtengenezaji hulazimika kutaja kila kichujio cha miale, yaani kiambato kinachozuia miale ya jua, pamoja na kiasi chake. Ulaya huihesabu kuwa ni kipodozi, na sheria yake hutaka viambato vipangwe kuanzia kilicho kingi kuelekea kilicho kidogo, isipokuwa vile vilivyo chini ya asilimia 1, ambavyo huweza kufuatana kwa mpangilio wowote. Kwa hiyo kampuni ya Ufaransa haikukuficha kitu, na orodha yake imekwisha kukupa habari nzito: spiriti imekaa nafasi ya pili, mara tu baada ya maji. Spiriti huifanya krimu ikauke upesi na isinate, jambo linalopendeza kwenye joto la pwani, lakini kwa ngozi ambayo tayari imechubuka au imekauka huchoma na kuikausha zaidi.

Tuje kwenye vichujio vyenyewe. Oksidi ya zinki ni unga wa madini unaobaki juu ya ngozi, huzuia miale ya UVB inayounguza na ya UVA inayozama ndani zaidi, na ni nadra sana kumletea mtu mzio. Wengi husema kwamba madini haya hurudisha miale kama kioo. Ukweli ni kwamba madini huifyonza sehemu kubwa ya miale hiyo, na inayorudishwa ni kidogo tu. Asilimia 20 ni kiasi cha kutosha, kwa kuwa kikomo kinachoruhusiwa Marekani na Ulaya ni 25. Dioksidi ya titaniamu, ndugu yake, nayo ni mpole, ila ni dhaifu zaidi dhidi ya miale mirefu ya UVA. Ukiikuta peke yake bila zinki, endelea kutafuta.

Katika krimu ya Ufaransa, lile jina refu linaloanza na Butyl ndilo avobenzoni, kichujio kizuri cha UVA chenye kasoro moja kubwa: huvunjika kikipigwa na jua. Oktokrileni huwekwa ili kukishikilia, ndiyo maana mara nyingi utaviona pamoja. Bahati mbaya oktokrileni imo katika vichujio vinavyojulikana kuleta mzio, hasa ule unaojitokeza ngozi ikishapata mwanga, na watu waliowahi kudhurika kwa jeli ya ketoprofeni ya kuchulia viungo huwa katika hatari zaidi ya kudhurika nayo. Kichujio kingine cha kukiangalia ni oksibenzoni. Chama cha madaktari wa Marekani wanaoshughulikia mzio wa ngozi kilitangaza kundi lake, benzofenoni, kuwa kizio cha mwaka 2014. Hakimo katika boksi zako zote mbili, lakini kama bado unalo lile boksi la kwanza lililokutoa vipele, litazame; huandikwa Oxybenzone au Benzophenone-3.

Sisemi kwamba kila kichujio kisicho cha madini ni kibaya. Ulaya na Asia vipo vichujio vipya vyenye molekuli kubwa, kama bemotrizinoli, ambavyo havivunjiki ovyo juani na ni nadra kusumbua ngozi. Kama krimu ya Ufaransa ingekuwa na hicho, bila spiriti wala manukato, jibu langu lingekuwa gumu zaidi.

Ninachokiogopa zaidi katika boksi hilo la pili kimo mwishoni mwa orodha. Mzio wa vipodozi husababishwa mara nyingi zaidi na manukato na vihifadhi kuliko na vichujio vya jua. Parfum ni neno moja linaloweza kubeba makumi ya kemikali za harufu. Linalool ni harufu inayopatikana pia katika lavenda na mrehani. Inapokaa na hewa hubadilika na kuwa kali zaidi kwa ngozi, hivyo tyubu iliyofunguliwa muda mrefu huweza kukuletea shida ambayo haikukuletea ilipokuwa mpya. Kuhusu vihifadhi, Phenoxyethanol iliyomo katika krimu ya Marekani huvumiliwa na wengi. Cha kukikimbia ni methilisothiazolinoni, ambayo Ulaya imekwisha kuipiga marufuku katika vipodozi vinavyoachwa juu ya ngozi bila kuoshwa.

Krimu ya Marekani nayo nina neno nayo. Butyloctyl Salicylate haikuorodheshwa kuwa kichujio, lakini kwa umbile inafanana sana na vichujio vya jamii ya salisilati na huongeza nguvu ya zinki. Kwa hiyo hiyo si krimu ya madini matupu kama tangazo linavyotaka uamini. Kwa wengi haina madhara. Mradi ujue ipo, usije ukaishutumu zinki bure. Niacinamide hutuliza ngozi, ingawa wachache huwashwa nayo inapokuwa nyingi.

Nunua ya Marekani. Itakuachia weupe usoni, na kwa ngozi yetu nyeusi weupe huo huonekana kama majivu. Ukipata yenye rangi, iliyoandikwa Iron Oxides, ni bora zaidi, wala si kwa urembo tu: oksidi za chuma huzuia pia mwanga unaoonekana kwa macho, ambao huongeza madoa katika ngozi nyeusi na ambao krimu isiyo na rangi huuachia upite. Mwenye melasma, yaani mabaka meusi ya usoni, aichukue yenye rangi bila kusita.

Kabla ya kuipaka usoni, ijaribu ndani ya kiwiko mara mbili kwa siku kwa muda wa wiki moja, kisha upande mmoja wa taya kwa siku kadhaa ukiwa unatoka nje kama kawaida, maana mzio unaoamshwa na mwanga hautaonekana mahali palipofunikwa na nguo. Inayochoma ndani ya dakika chache imekukera tu. Vipele vya kuwasha vinavyokuja baada ya siku moja hadi tatu, kama vile vyako, vinafanana na mzio, na vikirudi nenda kwa daktari wa ngozi ukiwa na maboksi yote mkononi.

Nikuulize pia, bila kukuhukumu: uliwahi kutumia mkorogo, au krimu ya steroidi uliyouziwa bila cheti cha daktari? Ngozi iliyopunguzwa unene namna hiyo hulalamikia kila kitu, hata maji ya chumvi, na hapo hakuna krimu ya jua itakayoivumilia mpaka itibiwe kwanza.

Paka nusu kijiko cha chai kwa uso na shingo, na urudie kila baada ya saa mbili ukiwa nje. Namba ya SPF, yaani kipimo cha kinga ya jua kinachoandikwa kwenye krimu, hupimwa kwa miligramu 2 katika kila sentimita ya mraba. Anayejigusa kitone kimoja puani na kimoja kila shavu hapati 50 aliyoilipia.

SWALI: Binti yangu ana miaka 17, amepewa doksisaiklini na jeli ya peroksidi ya benzoili kwa ajili ya chunusi. Ngozi yake imekuwa ikiungua haraka, lakini akipaka krimu ya jua analalamika kuwa chunusi zinazidi.
Mama, Mombasa

JIBU: Mama, doksisaiklini huongeza wepesi wa ngozi kuungua na jua, na ile jeli huikausha, hivyo asiache kujikinga wakati wa matibabu. Inayomzidishia chunusi huenda ni mafuta mazito yaliyochanganywa na kichujio, wala si kichujio. Mtafutie krimu nyepesi ya majimaji isiyo na siagi ya kakao, mafuta ya nazi wala manukato. Jeli aipake usiku, ya jua asubuhi. Akiona vipele vya ukubwa mmoja vinavyowasha, vilivyozuka kwa pamoja, hivyo si chunusi za kawaida. Arudi kwa daktari aliyemwandikia dawa.

SWALI: Nina ualbino. Nimesikia kwamba krimu za kemikali huingia kwenye damu. Je, niache ninayotumia mpaka nipate ya zinki tupu?
Msomaji, Mwanza

JIBU: La, usiiache hata siku moja. Ulichosikia kina chanzo cha kweli: majaribio ya FDA yaliyochapishwa mwaka 2019 na 2020 yalikuta avobenzoni, oksibenzoni, oktokrileni na vingine kwenye damu kwa kiasi kinachozidi kile ambacho mamlaka hiyo hutaka kifanyiwe uchunguzi zaidi. Hayakuonyesha kwamba vimemdhuru mtu, na FDA yenyewe ilishauri watu waendelee kujipaka. Kwako, kaka, saratani ya ngozi ndiyo hatari iliyothibitishwa, na jua la Mwanza halina msimu wa kupumzika. Ukipenda zinki, hamia siku utakapokuwa nayo mkononi. Uulize pia ofisi ya Chama cha Watu Wenye Ualbino Tanzania mkoani kwako kuhusu KiliSun, krimu inayotengenezwa Moshi mahususi kwa watu wenye ualbino. Krimu yoyote utakayoitumia, ipake pia masikioni na nyuma ya shingo, tafuta ya midomo yenye kinga yake, na uvae kofia ya ukingo mpana na mikono mirefu.