Paka dume aliyehasiwa anampanda mwenzake: je, ni ubabe?

SWALI: Shikamoo daktari. Nakaa ghorofani Kariakoo na nina paka wawili, madume, wote wamehasiwa. Mkubwa tulimwokota akiwa shume mzima, ndipo tukamhasi. Mdogo ana mwaka mmoja. Siku hizi kila ikifika jioni mkubwa humkamata mdogo shingoni kwa meno, humpanda na kumkandamiza. Mdogo hulia, na akiachiwa hukimbilia chini ya kabati. Mume wangu anasema huo ni ubabe, tuwaache wamalizane. Je, ni sawa? – Mama Salma

JIBU: Marahaba, Mama Salma. Msiwaache. Mdogo anayelia na kujificha hachezi tena, na kadiri jambo hili linavyojirudia ndivyo anavyozidi kumwogopa mwenzake.

Kuhasi huondoa korodani, hakufuti yale paka aliyokwisha kuyazoea. Testosteroni, yaani homoni ya kiume, hushuka upesi baada ya upasuaji, lakini tabia hufifia polepole, na dume aliyewahi kupanda majike mtaani anaweza kuendelea hivyo kwa miezi au hata maisha yake yote. Kushika ngozi ya shingo kwa meno ndivyo dume anavyomshika jike wakati wa kujamiiana. Wako anarudia somo la zamani kwa aliye karibu.

Kuhusu ubabe, baba Salma ana haki kidogo tu. Paka anaweza kumzibia mwenzake njia ya chakula au kumfukuza kwenye kiti, ila paka wa nyumba moja hawana mkuu anayetii­wa na wote. Mara nyingi wanapeana zamu: huyu anakaa dirishani asubuhi, yule jioni. Kupanda huku, kwa paka aliyehasiwa, nakuona zaidi kama msisimko au wasiwasi uliokosa pa kutokea. Kwa hiyo swali langu ni hili: nini hutokea dakika chache kabla? Umechelewa kuweka chakula? Wageni wameingia? Kuna paka analia chini ya dirisha? Huku kwetu karibu na ikweta urefu wa mchana haubadiliki sana, hivyo majike wasiofungwa kizazi hupata joto (hutaka dume) mwezi wowote, na sauti na harufu zao hufika hadi kwa dume aliyefungiwa ndani.

Mtazame mkubwa jioni. Kabla ya kuruka, utaona mboni zimepanuka, ngozi ya mgongo inatetema, mkia unapigapiga sakafu, macho hayatoki kwa mdogo. Hapo ndipo pa kuingilia. Burura kamba yenye manyoya au kitambaa mbele yake, umpeleke chumba kingine, acheze kama dakika kumi, kisha mpe chakula chake hukohuko. Akiwa ameshapanda, piga makofi mara moja au telezesha mto katikati yao. Usitie mkono, utang'atwa. Na kumpiga au kumwagia maji kunamwongezea wasiwasi uleule unaotaka kuupunguza.

Ghorofani nafasi ni ndogo, kwa hiyo gawanya vitu. Bakuli zisionane. Beseni za mchanga wa kujisaidia ziwe tatu kwa paka wawili, na zisipangwe zote kwenye kona moja, maana hapo ni rahisi mmoja kumzibia mwenzake njia. Mdogo apate pa kupanda juu, kwa mfano kabatini, na njia mbili za kushukia. Ikiwa fujo inaanzia dirishani, ziba kioo sehemu ya chini.

Kama haipungui, mlete mkubwa tumkague. Wakati mwingine korodani moja ilibaki tumboni na haikutolewa. Dalili yake huonekana kwa macho: uume wa dume mwenye testosteroni una vimiba vidogo, na kwa aliyehasiwa kikamilifu hupotea katika muda wa wiki kadhaa. Maumivu ya njia ya mkojo nayo huweza kumfanya paka apandepande vitu na kujilamba kila mara.

Hilo la mkojo ndilo la haraka. Ukiona dume anaingia kwenye mchanga mara kwa mara, anachuchumaa na kukaza, hatoi kitu au anatoa matone tu, njia yake inaweza kuwa imeziba, na paka wa namna hiyo hufa ndani ya siku chache. Mpeleke kwa daktari wa mifugo saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa sikukuu.