Je, fedha ya mwarobaini huua bakteria?

Ndugu, umeuliza kama chembechembe za fedha, yaani madini ya silva, zinazotengenezwa kwa maji ya majani ya mwarobaini huua bakteria kweli, na kama waweza kuzinywa badala ya dawa ya hospitali. Kuua, zinaua. Katika maabara ninayofanyia kazi hapa Nairobi, majani yaliyooshwa huchemshwa, maji yake yakachujwa na kumiminwa ndani ya mmumunyo wa nitrati ya fedha, chumvi ya fedha inayoyeyuka majini. Rangi ya manjano hafifu hugeuka kahawia mbele ya macho yako, ishara kwamba viambato vya jani vimeigeuza fedha iliyoyeyuka kuwa chembe za nanomita 1 hadi 100 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Chembe hizo huachilia ayoni za fedha, yaani atomi zenye chaji ya umeme, ambazo huharibu utando wa bakteria, hushikamana na protini zake zenye salfa na kuvuruga upumuaji wake. Kwenye sahani ya agari, jeli ya kuoteshea bakteria, utaona duara safi kuzunguka tone la chembe hizo, pasipoota kitu.

Lakini sahani si mwili wa mtu, na hapa nakusihi sana unisikilize. Fedha ikinywewa kwa muda mrefu hujikusanya mwilini na kuigeuza ngozi kuwa ya kijivu chenye ubuluu, hali ambayo kwa kawaida haiondoki tena. Bakteria nao hujenga usugu: usugu dhidi ya fedha uliripotiwa tangu 1975, katika bakteria aina ya salmonela waliotoka kwa wagonjwa walioungua. Mahali panapoifaa fedha ni juu ya ngozi, kwenye bandeji za majeraha ya moto, ambako imetumika kwa miaka mingi. Dawa uliyoandikiwa na daktari, tafadhali imalize.