Maswali ya Wasomaji: Kutafuta Mameneja Ukiwa Nyumbani

SWALI: Habari za kazi. Nimefanya kazi ya rasilimali watu kwenye hoteli za kitalii miaka tisa. Sasa nataka niwatafutie waajiri mameneja na wahasibu wakuu nikiwa hapa hapa nyumbani. Nianzie wapi, na nitoze kiasi gani?
Dada wa Njiro, Arusha

JIBU: Nzuri, dada. Anza na makaratasi, maana mteja wa maana atayaulizia kabla ya kulipa ankara ya kwanza. Sajili jina la biashara BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, chukua TIN, yaani namba ya mlipakodi, ofisi ya TRA, kisha leseni ya biashara ya halmashauri ya jiji. Wengi huishia hapo wakadhani wamemaliza. Bado kuna kibali cha wakala binafsi wa huduma za ajira, kinachotoka kwa Kamishna wa Kazi chini ya Sheria ya Kukuza Huduma za Ajira ya mwaka 1999. Na kwa kuwa utatunza CV, namba za simu na mishahara ya watu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuhusu: jisajili kwa Tume yake, na usipeleke CV ya mtu popote kabla mwenyewe hajakubali.

Nyumbani unahitaji chumba chenye mlango unaofungika, laini ya simu ya biashara peke yake, na UPS ndogo, kifaa chenye betri, ya kushikilia ruta ya intaneti umeme ukikatika katikati ya usaili wa video. Usiwaite watu sebuleni, wala usikutane nao hoteli za katikati ya mji. Arusha ni ndogo: meneja wa lodge akionekana anakunywa kahawa na wewe saa nne asubuhi, bosi wake atakuwa na habari kabla ya saa nane. Anayetoka Moshi mkutane Boma Ng'ombe au Usa River.

Sasa ada. Anayetafuta kazi usimtoze hata shilingi, analipa mwajiri. Ada huhesabiwa kwa asilimia ya mshahara ghafi, yaani kabla ya makato, wa mwaka wa kwanza. Tuseme mmekubaliana asilimia 20 kwa nafasi ya milioni 6 kwa mwezi: mwaka ni milioni 72, ada yako ni 14,400,000. Igawe mara tatu, 4,800,000 kila awamu: ya kwanza mkisaini mkataba, ya pili ukikabidhi majina, ya tatu mtu akisaini ajira. Mteja atakata asilimia 5 ya kodi ya zuio, yaani kodi anayoizuia kwenye malipo yako na kuipeleka TRA, kwa hiyo kila awamu utapokea 4,560,000. Mdai cheti cha zuio siku hiyo hiyo, maana kiasi hicho kitapunguza kodi yako ya mwaka.

Anayeanza hujaribiwa kukubali kulipwa mwishoni tu. Tunakushauri ukatae, angalau hiyo awamu ya kwanza uipate. Mwajiri ambaye hajatoa chochote huwapa mawakala wanne kazi moja, kisha anamchukua mpwa wake.

Kwa nafasi moja jipe wiki sita hadi kumi: orodha ya watu 40 hivi, simu kwa 15, usaili wa ana kwa ana kwa saba, majina matatu mezani kwa mteja. Kambi nyingi za utalii hupumzika Aprili na Mei kwa sababu ya masika. Lodge inayotaka meneja mpya awe ameshazoea kazi wageni wakijaa Juni, utafutaji wake uanze Januari.

SWALI: Nilimtumia mwajiri CV tatu kwa WhatsApp, akasema hajapendezwa na yeyote. Miezi minne baadaye nasikia mmoja wao yuko pale ofisini. Nimdai?
Msomaji, Moshi

JIBU: Bila mkataba uliosainiwa utasumbuka sana. Mkataba wako ujao useme wazi: yeyote uliyemtambulisha akiajiriwa ndani ya miezi 12, kwa cheo chochote, ada inalipwa. Mpe mteja siku mbili za kusema kwa maandishi kama mtu huyo alikuwa anamfahamu tayari. Na CV ya kwanza itume bila jina wala simu, kwa barua pepe, ili tarehe ibaki.

SWALI: Mtu wangu alikubali milioni 6 kwa mdomo. Siku ya kusaini akagoma, akidai amedanganywa. Kosa liko wapi?
Msomaji, Sakina

JIBU: Wewe ulisema ghafi, yeye akasikia mkononi. Piga hesabu mbele yake siku ya kwanza. Kwenye 6,000,000, mchango wake wa mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, ni asilimia 10, yaani 600,000. PAYE, kodi ya mshahara, kwenye 5,400,000 inayobaki ni 1,448,000. Mkononi anapata 3,952,000. Akiwa bado anadaiwa na Bodi ya Mikopo, asilimia 15 ya mshahara inaondoka, 900,000 nyingine, anabaki na 3,052,000. Mtu aliyekuwa anawaza milioni 6 kamili lazima agome.

Muulize pia, mapema, atafanya nini mwajiri wake wa sasa akimwongezea mshahara atakapopeleka barua ya kuacha kazi. Notisi ya mwenye mshahara wa mwezi kwa kawaida haipungui siku 28, na ndizo siku ambazo watu hurudi nyuma. Mpigie kila wiki.

SWALI: Mteja anataka nimrudishie hela meneja akiondoka mapema. Nikubali?
Msomaji, Usa River

JIBU: Hela usirudishe. Ahidi kutafuta mwingine bure, mara moja tu, iwapo ataondoka ndani ya miezi mitatu, na ankara zote ziwe zimelipwa. Andika pia kwamba ahadi hiyo inakufa kama mwajiri amebadilisha majukumu au kuchelewesha mshahara.